Ukumbi mdogo wa sinema Ngamiani: filamu halali, ratiba yenye walakini

Kwa sisi wakazi wa Tanga tuliozoea vibanda umiza, ambamo mwenye kibanda hununua diski na kuionyesha bila kumwuliza mtu, ukumbi huu wa Ngamiani unatia moyo sana. Kando ya dirisha la tiketi kimebandikwa kibali, na kila tangazo la filamu lina daraja la umri lililotolewa na Bodi ya Filamu, hivyo mzazi anajua kabla ya kulipa kama filamu inamfaa mwanawe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamwachia mwenye haki ya filamu uamuzi wa nani aionyeshe kwa umma. Diski ya dukani ni ya kutazama nyumbani. Haimpi mtu haki ya kutoza kiingilio.

Picha ni safi na sauti inafika viti vya nyuma, ingawa pangaboi la karibu na mlango lina kelele.

Walakini uko kwenye ratiba. Jumamosi watu hujaa, lakini katikati ya wiki huonyeshwa filamu dhaifu ambazo hakuna aliyeziulizia. Mwenye ukumbi alinieleza kwamba msambazaji hamwachii filamu inayosubiriwa mpaka achukue na nyingine tatu, ambazo yeye mwenyewe hajaziona. Mtindo huu wa kuuza kwa mafungu ndio ambao Mahakama ya Juu ya Marekani iliuharamisha mwaka 1948 katika kesi dhidi ya Paramount na kampuni nyingine kubwa za filamu. Baadaye majimbo ya huko kama Pennsylvania yalipiga marufuku kumtaka mwenye ukumbi atoe bei ya filamu kabla yeye mwenyewe hajaoneshwa filamu hiyo. Amri zilizotokana na kesi ile zilifutwa mwaka 2020, huku katazo la kuuza kwa mafungu likiachiwa miaka miwili zaidi. Hata hivyo, naona hoja ya majaji wale ingali na nguvu, kwa sababu mzigo wa filamu mbovu humwangukia mtazamaji.

Ningemshauri mwenye ukumbi adai mkataba wa maandishi kwa kila filamu peke yake, wenye tarehe, idadi ya maonyesho na mgawo wa mapato ya tiketi. Wewe mtazamaji, Jumamosi wahi kiti. Siku nyingine uliza kwanza kinachoonyeshwa.