Giaboksi ya IST ya zamani kwenye vilima vya Mwanza

Kwa mwenye haraka: giaboksi ya otomatiki ya gia nne iliyomo kwenye Toyota IST ya mwanzo (2002 hadi 2007, injini ya 1NZ, inayovuta kwa magurudumu ya mbele) ni nunua bila wasiwasi, mradi uipime kwanza. Spea zipo, mafundi wanaijua vizuri, na haina makuu. Zinazokufa mapema hapa Mwanza nyingi zinauawa na vitu viwili: oili isiyo yake, na dereva aliyeweka D mwezi wa kwanza akaisahau hapo mpaka Krismasi.

Mkono wa gia una P, R, N, D, 2 (haipiti gia ya pili) na L (gia ya kwanza tu). Pembeni yake, pale kidole gumba kinapofika, kuna kitufe cha O/D (ovadraivu, yaani gia ya nne). Madereva wengi hawajawahi kukigusa. Wengine wamekibonyeza bila kujua na sasa wanalalamika gari inakunywa mafuta. Taa ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi maana yake gia ya nne imefungwa na gari inaishia ya tatu. Huo si ugonjwa. Taa hiyohiyo ikianza kupepesa yenyewe ndipo kuna kesi, maana kompyuta imeona hitilafu ya umeme kwenye giaboksi. Hapo gari inapelekwa kupimwa kwa mashine kabla mtu hajashika spana.

Kitufe hicho na zile nafasi mbili za chini, 2 na L, ndivyo vinavyoifanya gari hii ifae kwa mji wenye milima. Chukua mteremko wa kutoka Bugando kuja mjini. Ukiwa D na mguu umetoka kwenye mafuta, giaboksi inaona huna haja ya nguvu, inakupandishia gia ya juu. Injini inazuia kidogo mno, uzito karibu wote unabebwa na breki. Ukifika chini disk za mbele zinanuka, na pedi ulizoambiwa ni feki huenda zilikuwa nzima kabisa.

Namna ya kushusha gia ni hii. Toa mguu kwenye mafuta mapema, kabla mteremko haujakolea. Kanyaga breki mpaka mwendo uwe 60 hivi, bonyeza O/D. Gari ikiendelea kukimbia, punguza tena kwa breki hadi 40, vuta mkono kutoka D kwenda 2. L iache mpaka uwe chini ya 25. Hiyo ni ya vinjia vya mawe vya Isamilo na vya kupanda Mabatini, au wakati wa kuingia kwenye kivuko cha Kamanga, ambako unataka gari itambae bila kuruka. Breki inatangulia, gia inafuata. Ukigeuza mpangilio huo unaiachia giaboksi kazi ya kuzuia gari kwa mshtuko, na klachi za ndani ndizo zinazolipa.

Injini italia, mshale wa mizunguko ya injini utapanda kwenye 3,000 au 3,500. Abiria watakutazama. Waache, mshale uko mbali na wekundu, na sauti hiyo ni injini inafanya kazi ambayo breki zingefanya. Usipige resi wakati wa kushusha, hiyo ni tabia ya gari la manyuo na hapa haina faida. Barabara ikiwa na maji, usitupe L kwa ghafla: magurudumu ya mbele yanaweza kukosa mshiko, na ndiyo hayohayo unayokatia kona.

Kuna wanaouliza kwa nini wasibaki D na kwenda polepole tu, si gari itaingia gia ya kwanza yenyewe? Itaingia, ila haitazuia. Gia ya kwanza ndani ya D inashikwa na klachi ya upande mmoja: injini ikisukuma magurudumu inakamata, magurudumu yakisukuma injini inaachia. Ukiweka L kuna breki nyingine ya ndani inayofunga, na hapo ndipo mteremko unasikia injini.

Kupanda ni rahisi zaidi. Gari ikiwa na watu wanne na magunia ya dagaa kwenye buti, ukiona inabadilisha gia ya tatu na ya nne kila mita chache, funga O/D. Kila badiliko ni msuguano na joto, na joto ndilo linalozeesha oili. Ukishaingia barabara tambarare, tuseme unaelekea Sengerema kupitia daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025, fungulia O/D tena. Kukimbia 80 na zaidi kwa gia ya tatu ni kuchoma mafuta bure.

Kwenye foleni ya mlimani shikilia gari kwa breki. Wanaoishikilia kwa kukanyaga mafuta kidogokidogo wanapika oili ndani ya toki konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Unapoegesha kwenye mwinuko, kanyaga breki, vuta hendibreki, kisha weka P. Ukianza na P, uzito wote wa gari unakaa kwenye kipande kidogo cha chuma, na asubuhi mkono unatoka kwa shida na mlio wa “kluk”.

Sasa oili, maana hapa ndipo fedha zinapotea. IST hii inatumia ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) aina ya T-IV. Wauzaji wengi wanaiita “haidroliki” na kukuchotea yoyote nyekundu iliyopo. Rangi si kipimo. Dexron ya magari ya zamani si T-IV, na WS ya Toyota za baadaye ni nyepesi zaidi, wala hazichanganywi. Ikiwekwa isiyo yake, gia zinaanza kuingia kwa kishindo au kwa kuchelewa, na fundi anaanza kukutajia valvu bodi, kipande kinachogawa oili ndani ya giaboksi.

Kupima kuna utaratibu, na wengi wanapima kama oili ya injini, injini imezimwa. Hapana. Endesha kama dakika 20, simama pasipo mteremko, injini inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono kutoka P hadi L na kurudi P, kila mahali subiri sekunde mbili tatu. Chomoa kijiti cha giaboksi, kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, chovya tena, soma upande ulioandikwa HOT. Ikizidi ni kosa pia: oili inatoa povu, shinikizo linashuka na klachi zinateleza.

Kila kilomita 40,000, kwa milima yetu, mwaga. Ukifungua nati ya chini zinatoka takriban lita tatu tu, nyingine inabaki kwenye toki konveta. Pima ulichomwaga na urudishe kiasi hichohicho kupitia bomba la kijiti kwa faneli ndefu. Kama oili imechoka sana, rudia zoezi baada ya kilomita elfu moja. Ni salama kuliko kuisukuma yote kwa mashine kwenye giaboksi yenye uchafu wa miaka. Sampo (trei ya oili ya chini) ikishushwa, angalia sumaku iliyomo: ujiujiji mweusi laini ni kawaida, vipande vya chuma vinavyong’aa si kawaida. Boliti za sampo ni za spana namba 10 na zinataka kukazwa kwa mkono mwepesi. Fundi akizikaza kwa nguvu zake zote gasketi inapinda, na kesho kuna tone jekundu sakafuni.

Udhaifu wake halisi uko kwenye rejeta. Oili ya giaboksi inapozwa na kipoza kilichomo ndani ya tangi la rejeta. Anayejaza maji ya bomba miaka yote badala ya kulenti (maji maalumu ya rejeta) anaotesha kutu, kipoza kinatoboka, maji yanaingia kwenye giaboksi. Kijiti kikitoka na oili ya pinki iliyofifia, kama yogati ya stroberi, usiendeshe hata kurudi nyumbani. Maji yanabandua utando wa klachi. Ikilazimu kuvutwa, magurudumu ya mbele yanyanyuliwe, kwa sababu pampu ya oili inazungushwa na injini. Ikizimwa, gia zinazunguka kavu.

Kabla ya kutoa hela kwa IST ya mkononi, fanya jaribio hili injini ikiwa ya moto. Kanyaga breki, toa N weka D, hesabu mpaka usikie gia imeshika. Isizidi sekunde 1.2. N kwenda R isizidi 1.5. Kisha panda mlima wa kweli, siyo uwanja wa muuzaji: injini ikilia na mwendo usiongezeke, klachi zinateleza, achana nayo. Ikishtua tu wakati wa kuingia D, angalia kwanza maunti (raba zinazoshikilia injini) na sailensa, kwa maana ya mwendo wa injini bila mafuta, kama uko juu mno. Mara nyingi giaboksi haina kosa.

Na angalia mwaka vizuri. IST ya umbo jipya, iliyoanza 2007, yenye injini ya 1.5 na inayovuta kwa magurudumu ya mbele, ina CVT, yenye mkanda wa chuma badala ya gia. Hiyo inataka oili ya CVT peke yake, na ukiiwekea T-IV mkanda unateleza. Yote tuliyosema hapa juu ya O/D na 2 hayaihusu.