Seti ya Kamba ya Kufungia Farasi Kambini: Chukua Pete, Mikanda Waachie Wenyewe

Karibuni tena, karibuni sana. Leo niko kambini, na kishindo mnachokisikia nyuma yangu ni farasi wangu Radi anachimba ardhi kwa kwato. Anajua muda wa nyasi umefika. Mdogo wangu ndiye ameshika kamera, na jua linazama, kwa hiyo twende moja kwa moja kwenye mzigo.

Kwenye maoni mmeniuliza sana: tukilala kambini, farasi wanalala wapi? Kuna kambi zina mazizi tayari, unafika, unamwingiza farasi, unafunga lango, umemaliza. Lakini kambi nyingi zilizo karibu na njia za farasi zinakupa nafasi ya kuegesha trela, bomba la maji, na miti miwili. Nyingine zimesimika nguzo mbili ndefu badala ya miti. Basi. Hapo katikati ndipo farasi wako atakapokesha, na jinsi utakavyomfunga ndiyo itaamua kama mtalala au mtakesha wote.

Sasa hii hapa. Seti ya kamba ya juu, yaani ile inayokazwa kati ya miti miwili juu ya kichwa cha farasi. Kamba moja ndefu, mikanda miwili ya kuzungushia miti, karabina kadhaa, yaani kulabu za chuma zenye kilango cha kufunga na kufungua, na hivi vipande vitatu vya chuma. Urefu wa kamba na uzito wa mfuko mtavisoma kwenye maelezo ya muuzaji, sitawapotezea muda. Kinachonifanya niwashe kamera leo ni hiki kipande cha chuma. Leta kamera hapa, mdogo wangu. Karibu zaidi. Mnaona? Huku juu kina pembe mbili, unazungushia kamba hapa, unaipitisha hapa, unavuta, imeshika. Hakuna fundo. Hakitelezi kushoto wala kulia. Na huku chini kuna pete, na hii pete inazunguka. Sikilizeni... hamsikii kitu, kwa sababu imetengenezwa vizuri, haikwaruzi.

Nimelala nayo kambini mara 11 sasa, na naipenda pete hii kuliko kifaa chochote kilichomo ndani ya trela langu. Nitawaonyesha kwa nini, msiende popote.

Hapa nimefunga kamba kati ya miti miwili, juu ya kichwa cha farasi, kama mita 2 na nusu kutoka ardhini, imekazwa mpaka ukiigonga inatoa sauti. Upande huu nimeweka kitanzi cha kawaida nilichokuwa nikitumia zamani, kile cha wapanda milima, kinaitwa Prusik. Ni cha Karl Prusik wa Austria, alikieleza mwaka 1931. Ni kitanzi kizuri mno, kinabana kamba kikivutwa, kinalegea ukikisukuma kwa mkono, na kimenihudumia miaka mingi. Kosa lake ni moja: hakizunguki.

Radi, njoo baba. Nimemfunga kwenye Prusik. Sasa namzungusha, kama anavyojizungusha mwenyewe usiku akisikia mbwa au akinusa farasi wa jirani. Moja. Mbili. Tatu. Twende tu, nne, tano... kumi. Haya, tazameni kamba yake ya kuongozea. Imesokotwa kama nywele za msuko. Na tazameni kichwa chake kilipo! Tulipoanza, pua ilikuwa inafika kwenye nyasi pale chini. Sasa haifiki. Imepungua zaidi ya shibiri, mimi naipima hapa mbele yenu kwa mkono wangu. Hiyo ni mizunguko 10 tu. Usiku mzima anazunguka mara ngapi?

Subirini, namfungua kwanza, hapendi.

Sasa namhamishia kwenye pete. Farasi yule yule, kamba ile ile, urefu ule ule. Moja, mbili, tatu... Angalieni juu, msimwangalie farasi. Pete inamfuata. Kumi. Twende na nyingine kumi, Radi, samahani, nitakupa nyasi sasa hivi. Ishirini. Kamba imenyooka kama tulivyoanza. Pua inafika chini. Nikiona hivi nafurahi kwa dhati, kwa sababu nimeshaamka saa tisa usiku nikakuta farasi amesimama kichwa juu, macho yamemtoka, kamba imemfupikia, na hakuna mtu aliyemfanyia ubaya wowote. Alijizungusha tu.

Na suala la kichwa si la starehe, jamani. Farasi anahitaji kuinamisha kichwa ili kamasi na vumbi vitoke kwenye njia ya hewa. Akifungwa kichwa juu kwa saa nyingi, uchafu unabaki ndani na bakteria wanashuka mapafuni. Ndiyo maana farasi wanaosafirishwa mbali wakiwa wamefungwa vichwa juu wanaweza kufika na homa na mapafu yameharibika. Umemtoa kwenye trela baada ya safari ndefu, halafu usiku unamwinua kichwa tena? Hapana. Pua lazima ifike chini.

Najua mtaandika kwamba klipu ya kamba ya kuongozea nayo inazunguka. Inazunguka ikiwa mpya. Ikila mchanga na jasho miezi miwili inakwama, na haikwambii kama imekwama. Hii ya juu iko mbali na vumbi na mate, na ukipita na tochi unaiona kwa macho.

Kabla sijasahau, urefu. Pima hivi: farasi akiinama, pua ifike kwenye nyasi, isizidi hapo. Akiinua kichwa, ule mkunjo unaoning'inia usishuke kufikia magoti. Ukimwachia kamba ndefu kwa kumhurumia, atatia mguu, na farasi aliyetia mguu kwenye kamba gizani hafikiri, anavuta. Kaa na kisu kikali karibu na unapolala.

Haya. Nimesifu vya kutosha, sasa niseme yaliyoniudhi.

Mikanda ya miti. Tazameni upana wake. Hii ni sentimita 2 na nusu! Nani aliyeamua hivi? Mkanda wa mti unatakiwa uwe na upana wa sentimita 5 angalau, na mimi napenda zaidi ya hapo. Chakula cha mti, ile sukari inayotengenezwa kwenye majani, kinapita kwenye tabaka jembamba chini ya gome. Farasi wawili wakivutavuta usiku kucha, mkanda mwembamba unakata gome kama waya. Ukilikata mti mzima kuzunguka, mizizi inakosa chakula na mti unakufa. Kila wikendi anakuja mtu mwingine anafunga palepale. Kisha tunashangaa kambi zinapoandika ubao, "Usifunge farasi kwenye mti." Wana haki. Ukikuta ubao huo, tii, tumia nguzo zao. Na kama miti inaruhusiwa, mfunge farasi mbali na shina, mita 2 hivi, asifike kutafuna gome wala kuchimba mizizi.

Karabina nazo sizitumii kumfungia farasi, hata moja. Farasi akiegemea kwa uzito wake wote, karabina haifunguki kwa vidole. Mimi kamba ya kuongozea naifunga kwenye pete kwa fundo la kuvuta mara moja, lile ambalo ukivuta ncha linaachia. Karabina nimezitundikia ndoo. Basi angalau zina kazi.

Halafu kamba yenyewe ni nailoni. Nailoni ina nguvu, sikatai, lakini inarefuka, na ikilowa inarefuka zaidi. Usiku wa pili palikuwa na umande mzito. Alfajiri nikaikuta imelegea katikati, imeshuka karibu na masikio ya Radi. Nikalazimika kuikaza upya kabla ya chai. Polyesta inarefuka kidogo sana, na kwa kazi hii ningeweka polyesta bila kufikiri mara mbili.

Kwa hiyo tuzungumze bei. Sitataja tarakimu, maana mnanitazama kutoka kila mahali na kila muuzaji ana yake. Ila nilikaa nikapiga hesabu: kamba ya polyesta, mikanda mipana miwili, na pete tatu, ukinunua kimoja kimoja, unatumia karibu nusu ya bei ya seti hii. Nusu! Na unapata vifaa bora. Walichofanya ni kuchukua kitu kimoja kizuri wakakizungushia vitu vya kujazia mfuko. Ukiziona pete zinauzwa peke yake, chukua hizo.

Mniruhusu kidogo niseme kuhusu uzio wa umeme wa kubeba, kwa sababu mashabiki wake wananiandikia kila wiki. Ni mwepesi, unajikunja, farasi anapata nafasi ya kutembea. Ila ule ni utepe na vijiti vya plastiki, jamani. Hauzuii kwa nguvu, unazuia kwa sababu farasi anauogopa. Farasi ambaye hajafundishwa nyumbani hajui kwamba unauma, na farasi aliyeshtuka hakumbuki. Mnyama wa porini akipita gizani akauangusha, asubuhi unatafuta farasi kwa nyayo. Kwa Radi, sithubutu. Na vile vyuma vya kuunganisha zizi vinatulia vizuri sana, lakini vizito, na ukivipakia trela zima linapiga kelele njia nzima mpaka farasi anafika amechoka.

Lakini sasa... mdogo wangu, geuza kamera kule. Mnamwona Asali? Yule mwekundu, bibi yetu, ana miaka 22. Nilipowasha kamera nilikuwa nimeamua kabisa kwamba kamba ya juu inashinda kila kitu. Nikimtazama Asali nasita. Farasi wanasinzia wakiwa wima, viungo vya miguu vinajifunga vyenyewe wasianguke, hilo mnalijua. Ila usingizi mzito, ule wa ndoto, hawaupati mpaka walale chini. Si mrefu, nusu saa mpaka saa moja kwa siku inawatosha, lakini lazima waupate. Kwenye kamba ya juu Radi analala vizuri, nimemkuta mara nyingi amejikunja chini. Asali mara zote 11 sijamwona hata mara moja. Magoti yanamuuma, anahitaji nafasi ya kujipanga kabla hajashuka na nafasi ya kujisukuma akinyanyuka. Farasi anayekosa usingizi huo siku nyingi huanza kuporomoka akiwa wima, anaamka akijigonga, na utaona vidonda mbele ya vifundo vya miguu ya mbele. Asali hajafika huko na sitaki afike. Kwa hiyo yeye safari ijayo atapata zizi, tutabeba vile vyuma na kelele zake tutazivumilia. Kama una farasi mzee, pete hii haitakusaidia kwa hilo.

Tangazo dogo. Video zitaanza kutoka Alhamisi jioni badala ya Jumapili, kwa sababu Jumapili wengi wenu mko njiani na farasi, na mimi pia. Bonyezeni kengele mzipate. Alhamisi ijayo ni maji: farasi mmoja anakunywa lita 20 mpaka 45 kwa siku, joto likizidi anapita hapo, na wengine wakifika kambini wanakataa maji mageni kwa sababu ladha si ya nyumbani. Nitaonyesha ninavyomzoesha Radi kuanzia siku kadhaa kabla ya safari. Na msifunge kamba karibu na mto kwa kukwepa kubeba ndoo. Kaeni mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, na asubuhi mkusanye kinyesi kama kambi inavyotaka. Farasi mmoja anaweza kutoa zaidi ya kilo 20 kwa siku, na anayekuja baada yako atapiga hema palepale.

Pete nitaziacha kwenye mvua na vumbi msimu huu wote, bila kuzipaka mafuta hata tone, nione kama zitaanza kukwama. Zikikwama nitawaonyesha. Mdogo wangu, zima, nipe tochi na wavu wa nyasi, Radi amesubiri vya kutosha.