Kuingiza injini mpya kwenye kadi ya gari: uzoefu wangu na huduma ya usajili

Huduma yenyewe si mbaya. Kujaza fomu, kukaguliwa na kupewa kadi yenye namba mpya ni kazi nyepesi ikiwa gari limefika kituoni likiwa tayari. Shida ni kwamba wengi huanza kuwaza usajili injini ikiwa imeshakaa ndani, maunting (vishikio vya injini) zimefungwa na wayaringi imefungiwa tepu. Kufikia hapo, kile anachotaka kukiona mkaguzi kimeshajificha nyuma ya stata au chini ya manifoldi.

Jua kwanza ombi lako ni la aina gani, maana fomu ni moja lakini safari ni tofauti. Injini ya Toyota aina ya 1NZ-FE ikifa ukaweka 1NZ-FE nyingine, kinachobadilika kwenye kadi ni namba tu. Ukitoa 2NZ-FE ya cc 1,298 ukaweka 1NZ-FE ya cc 1,496, kwa fundi hizo ni ndugu na kazi inakaribia kuwa ile ile, ila kwa msajili gari limebadilika ujazo, na pengine daraja la kodi na la bima vilevile. Ukitoka petroli kwenda dizeli, au silinda nne kwenda sita, hayo ni marekebisho ya gari, na mara nyingi utadaiwa ripoti ya mhandisi kuhusu maunting, uzito wa mbele na breki. Kubadilisha silinda hedi peke yake hakukuhusu hapa, kwa sababu namba ya injini imepigwa kwenye bloku, yaani mwili mkuu wa injini.

Namba ndiyo roho ya shughuli nzima. Isome injini ikiwa bado chini. Kwenye injini nyingi iko kwenye kijukwaa kidogo kilicholainishwa pembeni mwa bloku, mara nyingi karibu na pale giaboksi inapoungana, na huwa imefunikwa na grisi na masizi. Safisha kwa dawa ya kusafishia breki na brashi ya nailoni. Usiguse kwa grainda, brashi ya waya ya drili wala msasa: mistari ya msasa juu ya namba ndiyo ishara ya kwanza anayoitafuta mkaguzi akishuku namba imechezewa, na ukishafika hapo gari linaweza kuzuiliwa hadi wataalamu walichunguze. Piga picha ukimulika tochi kutoka ubavuni, si mbele, ili kivuli kijaze michirizi ya herufi. Kisha bandika karatasi nyembamba, sugua kwa penseli laini, na uhifadhi nakala hiyo. Ikiwa namba itazibwa injini ikikaa, nakala na picha hizo hazichukui nafasi ya kuiona kwa macho, lakini zinamwonyesha mkaguzi pa kuchungulia, kwa kioo cha mkono au kamera ya waya.

Angalia vizuri sifuri na herufi O, moja na herufi I. Namba ya chesesi ya herufi na tarakimu 17 haitumii kabisa I, O wala Q. Namba za injini hazina kanuni hiyo moja duniani, kwa hiyo karani anayeandika kwa kubahatisha anaweza kukuachia kadi yenye injini isiyokuwepo.

Bloku mpya kutoka kiwandani ni suala jingine. Nyingi zinauzwa bila namba, sehemu ile ikiwa tupu. Usimwambie fundi aipige ile ya zamani, hata kwa nia njema. Omba kibali kwanza, namba ipigwe kwa utaratibu wa mamlaka na iandikwe kwenye faili.

Karatasi. Risiti iliyoandikwa "injini moja, Toyota" haina kazi. Dai iandikwe jina na anwani ya muuzaji, aina ya injini, namba kamili, na namba ya chesesi ya gari ilimotoka kama inajulikana. Injini iliyoagizwa nje iambatane na hati ya forodha inayoihusu. Uhakiki wa wizi ufanywe kabla ya kulipa, si siku ya ukaguzi, kwa sababu injini yenye alama ya wizi haikurudishii fedha wala haikupi kadi. Muuzaji anayesitasita kuandika namba kwenye risiti ameshakujibu.

Kwenye ukaguzi wenyewe, magari yenye mfumo wa OBD (kompyuta ya gari inayojipima na kutunza makosa) huangushwa na kompyuta zaidi kuliko chuma. Ukiweka injini pamoja na kontrol boksi yake, yaani kompyuta inayoiendesha, ile kompyuta inaweza kuwa bado imebeba namba ya chesesi ya gari ilikotoka, na skana ya mkaguzi huisoma. Hapo gari moja linaonyesha chesesi mbili. Iandikwe upya kwa namba ya gari lako panaporuhusiwa, au uje na karatasi za gari la awali zinazoeleza tofauti. Imobilaiza, ile inayozuia injini kuwaka bila funguo zake, nayo ishughulikiwe mapema: kontrol boksi, funguo na antena ya kwenye swichi vinatambuana kama seti.

Pia usifute makosa yaliyotunzwa kwenye kompyuta asubuhi ya ukaguzi. Kufuta makosa, na mara nyingi hata kuchomoa betri, kunarudisha vipimo vya ndani vya kompyuta kuwa "havijakamilika", na skana itaonyesha hivyo hata kama taa ya injini imezimika. Vinakamilika kwa kuendesha: washa injini ikiwa imepoa kabisa, iache ingurume kidogo gari likiwa limesimama, endesha kwa mwendo usiobadilika, kisha achia mafuta gari lipungue lenyewe bila breki. Tanki liwe kati ya robo na robo tatu, maana kipimo cha mvuke wa petroli kwa kawaida hakianzi likiwa tupu au limejaa. Na kile kikopo cha mkaa kinachonasa mvuke, ambacho mafundi wengi hukiacha wakisema hakina kazi, kirudishwe na paipu zake.

Kwenye moshi, kipimo kilichozoeleka kwa petroli yenye katalisti (kisafisha moshi) ni lambda, yaani uwiano wa hewa na mafuta, kati ya 0.97 na 1.03. Ikizidi 1.03, usikimbilie kununua sensa. Tafuta kwanza uvujaji kwenye maungio ya ekzosi: injini ikibadilishwa, bomba la mbele huchomelewa upya, na tundu dogo huvuta hewa ya nje inayodanganya kipimo.

Gari lililokuwa la kabureta likipokea injini ya injeksheni lina mtego wake. Pampu ya kabureta inasukuma mafuta kwa presha ya chini ya bar 0.5, injeksheni ya kawaida inataka takriban bar 3. Hozi za zamani na klipu za kukaza kwa bisibisi hazivumilii. Weka hozi iliyoandikwa kuwa ni ya injeksheni, na klipu zisizokata mpira. Mkaguzi anayejua kazi yake anainama hapo mapema. Spidomita ya kebo kwenye giaboksi yenye sensa ya umeme nayo haitasoma, na gari lisiloonyesha mwendo halipiti.

Kuhusu breki, njia nyepesi ni kuiga kiwanda. Kama bodi hiyo hiyo iliwahi kuuzwa na injini unayoweka, funga diski, kalipa na maunting za toleo hilo, kisha beba ukurasa wa katalogi ya vipuri unaoonyesha hivyo. Mjadala unaisha haraka mno ukilinganisha na maunting za kuchomelea, ambazo kila weldi itaulizwa.

Kwa injini ya aina ile ile naipa huduma hii nyota nne, moja imekatwa kwa sababu madirisha ya karatasi na ya ukaguzi hayaongei. Kwa injini ya aina nyingine nyota mbili: masharti yako wazi kwenye fomu, ila kila mkaguzi ana uzito wake kwenye kuyatafsiri, kwa hiyo pata majibu kwa maandishi kabla ya kukata hata bati moja.

Bima ijulishwe kabla gari halijarudi barabarani. Ukipewa kadi mpya, usiondoke dirishani kabla ya kulinganisha namba na nakala ya penseli, tarakimu kwa tarakimu, kisha cc, aina ya mafuta na nguvu ya injini, maana mara nyingi namba hubadilishwa na cc ikabaki ya zamani. Injini iliyotoka, ukiiuza, mwandikie mnunuzi risiti yenye namba yake na tarehe, ubaki na nakala, kwa kuwa faili la gari lako bado linaonyesha kwamba iliwahi kuwa yako.