Kukimbia Usambara Magharibi: njia nne za Lushoto na kasoro zake

Mkimbiaji anayemaliza kilomita 10 za Masaki, Dar es Salaam, kwa saa moja, akipanda Lushoto, mkoani Tanga, na hesabu hiyohiyo, atachelewa chakula cha mchana. Mji umekaa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, msitu wa Magamba unafika karibu mita 2,300, na katikati yake tambarare ni chache mno. Hesabu inayokaribia ukweli huku ni hii: kila mita 100 za kupanda zihesabiwe kilomita moja ya ziada. Njia ya kilomita 14 yenye mpando wa jumla wa mita 700 ni kazi ya kilomita 21. Wala usitegemee kufidia muda wakati wa kushuka, kwa sababu miteremko mingi ni ya kuchagua pa kukanyaga.

Njia zenyewe hazikutengenezwa kwa michezo. Ni vijia vya kwenda shamba, shule, sokoni na mtoni, na hakuna alama wala kibao. Msimu wa maharage kijia cha mwaka jana kinaweza kuwa kimelimwa, na kipya kikawa kimehamia tuta la juu. Kwa hiyo ramani ya simu inaonyesha uelekeo tu, na njia yenyewe unamuuliza mwenyeji. Ukishauliza, uliza tena mbele, maana "hapo tu" ya Msambaa aliyezaliwa mlimani inaweza kuwa dakika 40 za mtu wa pwani.

Tuanze na Irente, kwa kuwa kila mgeni hupelekwa huko. Kutoka mjini ni kilomita 5 hadi 6, unapitia Yoghoi, karibu yote kwenye barabara ya vumbi inayopitisha gari. Mandhari ya mwisho hayana mpinzani: ardhi inakatika ghafla, na chini, kama mita 1,000 hivi, unaiona Mazinde na nyika imetandazwa hadi macho yachoke. Lakini kama njia ya kukimbia, Irente imesifiwa kupita kiasi. Barabara ni pana, bodaboda hazikatiki, na wakati wa kiangazi kila moja inakuachia wingu la vumbi. Ifanye siku ya kwanza, kwenda na kurudi, ili mapafu yazoee hewa ya juu. Ondoka saa 12 asubuhi kabla pikipiki hazijachangamka. Beba noti ndogo ndogo kwa kiingilio cha penye mandhari, na rudi kupitia shamba la Irente, kwa sababu mkate na jibini lao vinastahili hizo kilomita kuliko barabara yenyewe. Pale ukingoni acha kukimbia kabisa. Jiwe linaweza kuwa na umande na hakuna uzio wa kukudaka.

Bangala ni habari nyingine. Bonde la mto huu, upande wa Soni, ndilo lenye vijia vya kiufundi kuliko vyote vya jirani: mawe, matuta ya mboga, mifereji ya kumwagilia, na sehemu ambazo lazima uingie majini. Anayependa kushuka kwa kasi ataipenda, na hapa ndipo vifundo vya miguu huumia zaidi. Tatizo mara nyingi ni ukingo wa mfereji. Kwa juu unaonekana ni njia safi, nyembamba, iliyonyooka. Kwa ndani maji yameshaulainisha udongo, na ukikanyaga pembeni unamomonyoka pamoja na mguu wako. Kanyaga katikati, hatua fupi, na kama ni mwembamba kuliko raba mbili zikiwekwa sambamba, tembea. Mfereji ukibomoka umemharibia mtu maji ya shamba lake, na hilo haliishi kwa kusema samahani.

Kuvuka mto ni rahisi wakati wa kiangazi. Baada ya mvua hali ni tofauti, kwa sababu Bangala inapokea maji ya milima ya juu. Kwako jua linaweza kuwaka huku kwa wenzako kumenyesha. Maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa na yamefika goti, geuza. Usivue raba ili zisilowe, maana jiwe lenye utelezi halina huruma na unyayo mtupu. Raba yenye kitambaa chepesi itamwaga maji ndani ya dakika chache. Ya ngozi utaibeba kama ndoo hadi jioni.

Tukiwa kwenye raba: udongo mwekundu wa huku ndio unaoamua soli. Ukiwa mkavu, raba yoyote inatosha. Ikinyesha nusu saa, ngozi ya juu inageuka sabuni wakati chini bado pagumu, na soli bapa ya barabarani inateleza juu yake kama kwenye sakafu iliyopigwa deki. Tafuta meno ya milimita 4 hadi 5, yaliyoachana. Meno yaliyobanana hushika udongo, na baada ya hatua ishirini unakimbia na matofali. Kwa miteremko mirefu, tumia lile tundu la mwisho la kamba, la juu kabisa, ambalo wengi hawaligusi. Ingiza kamba tundu hilo upande uleule ili itengeneze kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, kisha vuta kuelekea chini kabla ya kufunga. Kisigino kinatulia na vidole haviendi kugonga mbele. Kata kucha siku mbili kabla. Asiyefanya haya mawili atarudi Dar na kucha nyeusi.

Kama una siku moja tu, nenda Magamba. Kutoka mjini hadi kijiji cha Magamba ni kama kilomita 7 za kupanda barabarani, na wengi wanakosea kwa kuzikimbia zote na kufika msituni miguu imeshaisha. Panda boda hadi kijijini, nguvu uzitumie ndani. Hifadhi ya asili iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS): kibali ni lazima, na bei ya raia na ya mgeni hazifanani. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, kwa hiyo maliza mambo hayo mjini siku iliyotangulia kuliko kuutafuta mtandao chini ya miti. Omba mwongozaji anayeweza kukimbia na useme hivyo waziwazi, la sivyo utapewa mzee wa kutembeza watazama ndege, mwenye maarifa mengi na mwendo wake.

Ndani kuna barabara za zamani za kubebea mbao, zenye kivuli, udongo laini na mpando usiokatisha pumzi. Unaweza kukimbia saa mbili hadi tatu bila kuona shamba. Juu mbega wanaruka, na kwenye matawi ya pembeni kuna vinyonga kama una macho ya kuwaona. Mikulo mikubwa iliyobaki (miti ya kafuri) inakuonyesha msitu huu ulikuwaje kabla ya misumeno. Mbao ni historia ya mlima mzima: mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ilikuwa ikishusha magogo ya mitarakwa kwa nyaya kutoka Shume hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Mlima ambao magogo yalishushwa kwa waya, wewe unaushuka kwa magoti.

Hatari za Magamba ni tatu, na hazina uzito sawa. Siafu wanasumbua tu: ukiona mstari mweusi unavuka njia, ruka, usisimame kupiga picha. Mizizi iliyofunikwa na majani, au na sindano za misonobari kwenye sehemu zilizopandwa, inaangusha watu pale wanapochoka, hivyo inua mguu zaidi katika nusu saa ya mwisho. Ukungu ndio wa kuogopa. Unashuka ndani ya dakika kumi, njia mbili zinafanana, na chini ya miti minene alama ya GPS inarukaruka kwa makumi ya mita. Mkipotezana, kila mtu abaki alipo na apulize filimbi mara tatu. Asubuhi za Juni hadi Agosti pumzi inaonekana kama moshi, na jasho likipoa baridi inakuingia haraka, kwa hiyo koti jepesi la mvua libebwe hata mbingu zikiwa safi. Machi hadi Mei, masika, achana na msitu. Septemba na Februari ndiyo miezi mizuri zaidi.

Maji: nusu lita kwa saa inatosha huku juu, lakini Bangala kuna joto, ongeza. Usinywe ya mfereji bila dawa, kwa kuwa juu yako kuna mashamba na watu. Chakula hakihitaji vifurushi vya bei ya ajabu. Viazi vidogo vilivyochemshwa na chumvi, ndizi mbivu na pakiti ya ORS (chumvichumvi ya kuchanganya na maji) vinafanya kazi ileile. Njiani wanaoshuka na mzigo wa kuni au majani kichwani hupishwa kwanza, wewe ndiye unayesimama, upande wa mlimani. Shikamoo kwa wazee, pole na kazi kwa waliopo shambani. Anayepita mbio bila salamu huonekana kama anayekimbizwa.

Iliyobaki ni Mtae, takriban kilomita 60 kwa barabara kutoka Lushoto, na vijia vya kukatisha kupitia Rangwi. Igawe siku mbili au tatu. Rangwi unaweza kulala kwa masista, lakini piga simu kabla, usiwatokee jioni na matope. Sehemu ya kati, yenye mashamba ya viazi na barabara za vumbi, inachosha bila malipo. Malipo yako mwishoni, pale Mtae ilipojishikiza juu ya ukingo mwembamba na nyika ya Mkomazi imelala chini yake. Kosa la kawaida ni kufika jioni bila kujua usafiri wa kurudi: mabasi huondoka alfajiri mno, kabla ya jua. Nafasi iulizie usiku uleule, na raba zako zilizolowa zifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kulala, kwa sababu kondakta hatakungoja ukizitafuta gizani.