Duka la mama wa Langoni: chakula cha siku kumi, Amu (Lamu) mpaka Shelisheli

Kama una safari ndefu ya bahari na unatokea Amu, kabla hujakimbilia makopo pita kwanza mtaa wa Langoni, kuna mama ana duka dogo ndani ya kichochoro anauza ng'onda (samaki mkavu wa chumvi), mofa (mkate wa kukausha), achari na viungo. Mimi nilikuwa mpishi kwenye yoti ya matanga mwezi wa Januari, watu wanne, Amu kwenda kisiwa cha Mahé, Shelisheli, kama maili 900 za bahari, na vitu vya yule mama ndivyo vilivyotulisha.

Nilichompendea, hauzi tu. Aliniuliza mko wangapi, siku ngapi, upepo gani. Nikamwambia kaskazi. Akasema, "Basi mwanangu, siku tatu za mwanzo hao hawatakula wali, wape tangawizi na mofa." Na ndivyo ilivyokuwa wallahi, upepo unatupiga kushoto, chombo kimelala upande, sufuria nimeifunga kamba kwenye jiko na bado chai inamwagika, wawili wamelewa bahari hawanyanyui kichwa, mofa ndiyo pekee iliyokaa tumboni. Ameikausha mpaka imekuwa ngumu kama ubao, unaichovya kwenye chai inalainika pole pole, saa nane usiku zamu yako, uko peke yako kwenye usukani maji yanakurukia usoni, hakuna chakula kitamu kama hicho.

Maembe mabivu alinikatalia kabisa, akanipa mabichi na ndizi mbichi. Mayai alinipa ambayo hayajaoshwa wala kuingia friji, niwe nayageuza kila baada ya siku mbili. Trei mbili, mpaka tunaiona Mahé limeharibika moja tu, nililitia kwenye maji likaelea.

Ng'onda niliiloweka kwanza kwa maji ya bahari kutoa chumvi, maana maji matamu tulikuwa na madumu sita ya lita 20 basi, ya kunywa na kupikia. Siku ya sita upepo ulikufa, tanga linapigapiga tu, mkondo ndio unatusogeza mashariki, nikakalia mbuzi nikakuna nazi, nikapika wali na ng'onda ya nguru. Mpaka siku hiyo kila mtu alikuwa anakula kwa zamu, mmoja analala mmoja yuko usukani, ile ndiyo mara ya kwanza tulikaa wote wanne sinia moja.

Kilichoniudhi ni achari ya ndimu. Tamu sana, lakini kifuniko hakikazi, chupa ikavuja mafuta yakashuka mpaka ngamani, chini kabisa ya chombo, na harufu haikutoka siku mbili. Nenda na chupa yako ya kukaza.

Beba keshi, malipo ya simu hapokei. Mofa agiza siku mbili kabla, na Ijumaa mchana anafunga duka. Nina safari nyingine mwezi wa kumi na mbili, nimeshamwambia aniwekee trei tatu za mayai.