KoboCollect kwa ukaguzi wa barabara: inafaa, ila fomu iandaliwe na anayeijua kazi

KoboCollect ni programu ya bure ya kujazia fomu kwenye simu za Android. Sifa yake kubwa kwa mkoa kama Dodoma ni kwamba haihitaji mtandao eneo la kazi: mkaguzi anajaza, fomu zinakaa kwenye simu, anazituma akifika penye intaneti. Kwa mradi mrefu kama barabara ya mzunguko ya Dodoma, kilomita 112.3 kupitia Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, hilo linaokoa picha nyingi za WhatsApp ambazo baadaye hakuna anayejua zilipigwa wapi.

Kwenye swali la mahali (GPS), subiri kosa la usahihi lishuke hadi mita 5, ukiwa nje ya gari na mbali na miti. Hata hivyo mita 5 hazioneshi kama kalavati (njia ya maji inayopita chini ya barabara) limeziba upande wa kushoto au wa kulia, kwa hiyo ongeza swali la upande. Usiulize kama kalavati ni “safi” au “chafu”. Uliza kina cha mchanga kwa sentimita. Makorongo ya huku hukauka miezi mingi, na mvua za Desemba zikianza hushuka na mchanga tele. Kalavati lililojaa nusu hupitisha maji juu ya barabara na kula kingo za tuta.

Kosa baya zaidi huwa kwenye ushindiliaji, yaani kukandamiza udongo wa barabara ushikamane. Spesifikesheni (masharti ya kiufundi ya mradi) ikitaka asilimia 95 ya msongamano wa juu uliopimwa maabara, mwandaaji huiwekea fomu ikatae chini ya hapo. Matokeo yake 93 inaandikwa 95 ili fomu ipite! Zuia namba zisizowezekana tu, kama 950. Ikija 93, fomu ifungue swali la pili: unyevu ulikuwa kiasi gani, na tabaka litashindiliwa upya lini?

Kimo kinachotolewa na simu kisitumike kukagua unene wa tabaka. Tabaka lina sentimita 15, simu inakosea kwa mita. Hapo ni kazi ya leveli, kifaa cha wapimaji cha kupimia kimo.

Kwa alama za barabarani dai picha mbili: moja ya karibu, nyingine kutoka anakotokea dereva. Ya pili ndiyo hufichua kibao cha 50 kilichofunikwa na mwarobaini. Punguza picha hadi pikseli 1,024 upande mrefu, bando lisiishe.

Usibadilishe majina ya safu (jina ambalo majibu ya kila swali huhifadhiwa chini yake) katikati ya mradi, data zitagawanyika. Na programu isifutwe kwenye simu kabla fomu zote hazijatumwa, kwa kuwa hazirudi.