Mashini ya okazi (iliyokwisha tumika) ya kucheza gemu kwenye Linux: ipi ununue Lubumbashi

Kibandiko kilikuwa kinang'aa: Core i7. Muuzaji wa soko la Kenya (mtaa wetu wa Kenya, si nchi ile ya Nairobi) alikifuta kwa kiganja mara mbili ili nikione vizuri, nami nikatoa dola. Nyumbani nikaweka Linux Mint, mfumo unaoshika nafasi ya Windows, nikashusha Steam, nikabonyeza gemu. Dirisha jeusi likafunguka, likajifunga. Siku tatu nzima nikailaumu Linux. Kumbe yote ilikuwa tarakimu moja: namba inayofuata i7 ilianza na 4, yaani prosesa ya kizazi cha nne, na mimi nilisoma kibandiko tu.

Tarakimu hiyo ina uzito huu. Gemu nyingi za kompyuta zimeundwa kwa ajili ya Windows. Mwaka 2018 Valve, wenye duka la Steam, walitoa Proton, programu inayoendesha gemu hizo kwenye Linux. Imejengwa juu ya Wine, kazi ya namna hiyohiyo iliyoanza 1993. Ndani ya Proton mna DXVK, inayochukua amri za picha za Windows na kuzigeuza ziwe Vulkan, lugha ya kuongea na chipu ya picha kwenye Linux. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2022, DXVK inadai Vulkan 1.3. Chipu za picha za Intel za kizazi cha nne hazifiki hapo, na cha tano mimi sikibahatishi. Kwenye Windows mashini hiyohiyo ingejikongoja. Kwenye Linux inabaki mlangoni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza kizazi: i5-6300U ni cha sita, i5-8350U ni cha nane. Chini ya sita, rudisha pesa mfukoni, hata akikuita "yaya" (kaka) mara kumi.

Nafasi ya kwanza naipa laptopu yenye prosesa ya Ryzen ya AMD, ambayo ndani yake mna chipu ya picha iitwayo Vega. Tafuta HP EliteBook 745 G5 (Ryzen 5 PRO 2500U) au Lenovo ThinkPad T495 (Ryzen 5 PRO 3500U). Zote mbili ni mashini za ofisi, zimetengenezwa kuvumilia, na dereva zake za picha, yaani programu zinazoendesha chipu hiyo, zimo tayari ndani ya Linux: huweki chochote, unawasha tu. GTA V ya kucheza peke yako inakimbia ukishusha picha hadi 720p. Kitu kimoja wauzaji hawakuambii: Vega haina kumbukumbu yake, inakula rami ya mashini, na inataka vijiti viwili. Kijiti kimoja cha giga 8 kinaibana. Viwili vya giga 4, vyenye jumla ileile, vinaiachia ipumue. EliteBook ina nafasi mbili za rami. T495 ina rami iliyochomelewa kwenye bodi na nafasi moja ya kuongeza. Mwombe muuzaji afungue kifuniko cha chini mbele yako, na ongeza rami siku hiyohiyo kama anayo, kwa sababu bei yake ilipanda sana tangu mwishoni mwa 2025.

T495 ina faida nyingine kwa mji wetu: inachajiwa kwa USB-C. Mwenye paneli na betri ya volti 12 nyumbani anaweza kuichaji kwa chaja ya gari ya wati 65, umeme ukienda saa mbili usiku na kurudi asubuhi.

Ya pili ni laptopu ya Intel ya kizazi cha nane, kwa mfano EliteBook 840 G5. Ipo nyingi kuliko za Ryzen, prosesa yake ni nzuri, picha zake ni za kawaida tu. PES za zamani, Euro Truck Simulator 2, SuperTuxKart: hapo haina neno. Kizazi cha sita na cha saba nazo zinafaa kwa mwenye pesa kidogo. Windows 11 haizitaki na msaada wa Windows 10 ulikwisha Oktoba 2025, na hiyo ni hoja nzuri ya kushushia bei. Mwambie muuzaji hivyo, kwa upole.

Kompyuta ya mezani naiweka ya tatu, na najua watu watanipinga. Kwa nguvu inashinda zote hapo juu. Lakini nyumba yangu inakaa gizani mara nyingi mno, na kompyuta ya mezani bila ondilere (betri ya kuishikilia umeme ukikatika) ni gemu usiyoimaliza. Ukiwa na umeme wa kutegemewa, nunua ya ofisi na uichomeke kadi ya picha isiyozidi wati 75, kama RX 560 au GTX 1650. Pima kasha kwanza, maana yale membamba yanataka kadi fupi. RX 580 inavutia kwa bei, ila inakula wati 185 na waya wake wa umeme kwa kawaida haumo kwenye kompyuta za ofisi. Tena iliyoandikwa "2048SP" kwa kweli ni RX 570 iliyobadilishwa jina. GTX 1050 Ti iache: NVIDIA, wanaoitengeneza, wametangaza kwamba familia yake haitapata dereva mpya baada ya zile za namba 580.

Steam Deck? Tamu sana, imetoka 2022 na Linux yake ndani. Haiuzwi rasmi Afrika, kwa hiyo inakuja kwenye sanduku la mtu, na ikiharibika utamtafuta mtu huyohuyo.

Sasa jambo la kuumiza, ulijue kabla ya kulipa. Gemu za mtandaoni zenye walinzi wa kuzuia udanganyifu mara nyingi zinakataa Linux. Fortnite na Valorant hazichezeki. FIFA 23 na EA Sports FC zilizofuata, hakuna. GTA Online ilifunga mlango Septemba 2024. Dota 2 na Counter-Strike 2 zina toleo lao la Linux. Kama nyumbani mnaishi kwa FC mpya, nunueni konsoli, msigombane na Linux.

Dukani nenda na flashi yenye Linux Mint. Washa mashini kutoka kwenye flashi, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika inxi -G: itakutajia chipu ya picha yenyewe, kibandiko kiseme kinavyotaka. Kisha upower -d, utafute neno "capacity": ni asilimia ya uwezo wa betri uliobaki ukilinganisha na ilipokuwa mpya. Betri yangu ya sasa ilionyesha asilimia 81, nikalipa. Ya pale jirani ilionyesha 34.

Mega za intaneti nazo. Usishushe gemu ya giga 60 kwa simu. Tangu 2023 Steam inaruhusu kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye waifai ya nyumbani bila kuishusha yote upya kwenye intaneti, mradi gemu uwe umeinunua kwenye akaunti yako. Ukinakili kwa diski ya nje, iliyofomatiwa kwa Windows itakusumbua. Hamishia gemu kwanza kwenye diski ya ndani ya Linux. Mimi huenda kwa rafiki anayekaa mtaa wa Kamalondo Jumamosi na waya wa mtandao mfukoni, tunaunganisha mashini mbili, tunakula bukari (ugali) gemu zikihama.